Trei ya Mkate, Usiikate: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Mwezi uliopita nlitaja kidogo tu kuhusu trei na raki za plastiki zinazotupwa nyuma ya mahoteli na mabekari, kuwa ni hasara kuziacha ziende jaa la Kibele wakati sie tuna kazi nazo, basi tokea siku hiyo simu haijatulia. Nashukuru sana. Nimechagua maswali machache ambayo naona jibu lake litawafaa na wengine, na mengine yanafanana mno nimeyaunganisha.

*Shkamoo bibi. Mie nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja huku Jambiani. Wamebadilisha mashine ya kuoshea vyombo, sasa zile raki za zamani za kupangia glasi walitaka kuzitupa, nikaziomba nikapewa, ziko 11. Ni za mraba, ndani zina vyumba vyumba, nimehesabu 36. Mume wangu anasema tuzikate tutengeneze vikapu vya maua tuuze. Mie roho inasita. Sie tuna kikundi cha akina mama tunafanya sabuni za mwani, sijui kama zinaweza kutufaa huko. Nipe rai yako.*

Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto msumeno auweke chini kwanza, na roho yako imesita pahala pake.

Raki hizo karibu zote ni sentimita 50 kwa 50 mana mashine za mahotelini zimeundwa kwa kipimo hicho, na plastiki yake mara nyingi ni polipropilini, ile inayoandikwa namba 5 ndani ya kipembe tatu, hiyo inavumilia maji ya moto ya nyuzi 80 na kitu kutwa nzima, mwaka nenda mwaka rudi. Chukua moja uigeuze uitizame vizuri. Chini iko wazi ina kimiani tu, ubavuni matundu, na pembezoni ina ukingo ambao raki ya juu inakaa juu yake bila ya kuteleza. Aliyeitengeneza alitaka mambo matatu: maji yashuke, hewa ipite, na zipandane. Ukiikata tu, yote matatu yameondoka umebakiwa na vipande vya plastiki. Na vikapu vya maua, mwanangu, tunasuka vizuri zaidi kwa ukindu.

Sasa njoo kwenye sabuni. Nyie mnaofanya sabuni ya baridi, ya mafuta ya nazi na kostiki soda na mwani wa kusaga, mnajua kuwa kipande kikishakatwa kinataka kukaa wiki 4 mpaka 6 ndo kikauke na kiwe kigumu, la sivo mteja anakiogea siku tatu kimekwisha. Na nimeona vikundi vingi vinapanga sabuni juu ya makadibodi, upande wa juu unakauka wa chini unatoa jasho, na khasa wakati wa masika hewa yenyewe imejaa maji basi sabuni inalia machozi na kadibodi inashika ukungu, na nyie kila siku mko mnageuza mnageuza. Raki yako inaondoa kazi hiyo yote. Simamisha kipande kimoja kila chumba, kisimame wima, kisiguse chenziwe, hewa inapita pande zote na chini pia. Raki 11 zenye vyumba 36 ni vipande 396 kwa mpigo mmoja, na zikipandana tano na sita hazichukui pahala zaidi ya vigoda viwili. Juu funika khanga kuukuu kwa vumbi, sio nailoni. Kwenye kila raki bandika kipande cha gundi ya karatasi uandike tarehe mliyomimina, mana mkishakuwa na oda nyingi mtasahau ipi ya lini.

Kostiki haili plastiki hii, usiwe na khofu. Inakula aluminiamu, kwa hivo ukipewa na trei za aluminiamu huko hotelini usiziweke karibu na sabuni changa. Na kabla ya kuanza zisugue raki zote, zile sabuni za mashine zina harufu kali inayoshika kwenye pembe, tumia brashi ya meno ya zamani uingie kwenye vipembe, zianike nusu siku kivulini.

*Assalaam alaykum. Mimi kijana wa Donge, nalima tungule (nyanya) na pilipili. Nimeokota trei za plastiki za mayai kama 20 hivi, zile za mayai 30, nikajaza makumbi ya nazi ya kusaga na samadi kidogo nikasia tungule. Zimeota vizuri tu, halafu zikaanza kukauka ncha za majani, zikafa karibu zote. Tatizo ni trei au ni nini?*

Waalaykum salaam. Swali lako limenigusa mana na mie limenikuta, nlipoteza miche ya tungule yote siku moja nikakaa uwani nikaiangalia sijui nimekosa nini. Nikamlaumu aliyeniuzia mbegu, kumbe maskini hana kosa.

Nikuulize wewe kwanza, hayo makumbi umeyatoa wapi? Kama umeyachukua kwa akina mama wanaotengeneza kamba za usumba, basi jibu lako liko hapo. Makumbi ya usumba yanazikwa pwani kwenye tope miezi na miezi yaoze ndo yapigwe, na kule yamelewa chumvi ya bahari. Unga unaodondoka wakati wa kupiga ni mzuri, mwepesi, unashika maji, lakini ndani una chumvi, na mche mchanga wa tungule haustahamili. Unaanza ncha za majani kuungua kama umezipitisha motoni, hivo hivo ulivosema. Mbegu yenyewe inaota kwa sababu ina chakula chake, siku ya nane ya tisa inapoanza kunywa kwenye udongo ndo inakutana na chumvi.

Dawa yake ni ndogo. Rowanisha makumbi kwenye ndoo ya maji ya bomba au kisima kisicho na chumvi, yaache usiku mmoja, kamua, mwaga maji, rudia mara tatu. Mwisho kamua kidogo kiganjani uonje kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi rudia tena, wala usijihurumie. Au kama una subira yaache nje msimu mzima wa masika yapigwe na mvua, mvua inakuoshea bure.

Trei pia ina lake ingawa sio kosa kubwa. Kikombe cha yai ni kifupi, kina sentimita nne tano tu, jua la saa sita linakausha mara moja na mizizi ikishafika chini inaanza kujizungusha. Na trei nyingi za mayai chini hazina tundu, maji yanatuama. Pasha msumari moto utoboe kila kikombe tundu moja, fanya nje kwenye upepo na usiuvute ule moshi. Kisha trei ya mayai itumie kama kitalu cha mwanzo tu, wiki mbili, mpaka mche uwe na majani mawili ya kweli, halafu hamishia kwenye vikopo. Vikopo utavipata vya bure: chupa za maji za lita moja na nusu, kata nusu ya chini, toboa, jaza. Ukizipanga tupu tupu zinaanguka kwa kuku na upepo, lakini zikiingia kwenye raki ya glasi kama ile ya mwenzio wa Jambiani, ila yenye vyumba vikubwa zaidi, 16 au 25, au kwenye kreti iliyovunjika, zinasimama sawa na unazibeba zote kwa mikono miwili mpaka shambani. Wiki ya nne hivi mche una majani manne matano, upande jioni.

Jambo jengine. Trei zisizo na tundu zozote uwani kwako, zigeuze zilale kifudifudi. Mbu wa dengi anataka maji kidogo sana, na ndani ya wiki moja au siku kumi yai limekuwa mbu kamili. Usifuge mbu kwa ajili ya tungule.

*Bibi mie niko Wete, nina trei 30 za mkate nimeuziwa bei ya kutupa na bekari iliyofungwa. Nimezipima ni sentimita 60 kwa 40, chini zina matundu makubwa makubwa. Nataka kuanikia karafuu msimu huu badala ya majamvi. Watu wananambia nitaharibu karafuu. Kweli?*

Wanaokwambia wana haki nusu. Usiiweke karafuu moja kwa moja kwenye plastiki. Kwanza itapenya kwenye matundu yote itakwenda chini, hiyo ya kwanza tu inatosha. Pili karafuu ina mafuta makali, asilimia 15 na zaidi ya uzito wake ikishakauka ni mafuta, na mafuta hayo yanalainisha baadhi ya plastiki, khasa ile namba 6, na plastiki nyengine zinanyonya harufu na kuitoa tena. Trei iliyobeba mkate miaka kumi ina harufu ya hamira na mafuta ya kupikia, wewe pua yako imeshazowea lakini mnunuzi hajazowea. Karafuu inapangwa daraja pale inaponunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa nini ujishushie daraja kwa trei?

Lakini usizitupe wala usiziuze, mana mie naona umepata mali. Matatizo ya jamvi unayajua kuliko mie: ukilitandika chini unyevu wa ardhi unapanda, asubuhi umande, na karafuu ya chini inachelewa na ikichelewa inakuwa nyeupe nyeupe haina thamani. Sasa zigeuze trei zako kifudifudi uzipange zishikane, ndo uchaga huo, halafu jamvi lako la ukindu lilaze juu yake. Trei 10, tano kwa mbili, zinakupa uchaga wa mita 2 kwa mita 1 na sentimita 20. Una chaga tatu hapo. Hewa inapita chini kwenye matundu yale yale uliyokuwa unayaona ni kasoro, jamvi linakauka juu na chini, na mvua ya ghafla ikija watu wawili mnashika pembe za jamvi mnakunja mnakimbia, trei mnaziacha zinyeshewe hazina habari. Zifunge trei kwa trei kwa kamba ya usumba zisitengane ukikanyaga pembeni.

Na wakati wa kuchambua, zitoe mbili tatu kwenye chaga, mdomo juu, zikae mbele ya wachambuaji kutilia makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Makonyo ni makubwa hayapenyi, na ile karafuu iliyojificha kwenye makonyo inadondoka chini kwenye matundu, tandika mkeka chini yake uikusanye. Kwa kilo moja moja unaona kidogo lakini msimu mzima sio kidogo, na ukumbuke karafuu mbichi kilo 3 ndo inatoka kavu kilo 1, kila punje umeihangaikia juu ya mti.

*Bibi, kwa anayekausha dagaa wa kula nyumbani tu, sio biashara, trei zinafaa? Kunguru hawatupi nafasi. (Mama, Mkokotoni)*

Zinafaa sana shoga yangu na hili nalifanya mwenyewe. Hawa kunguru hawakuwa wetu, waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji, sasa wanakula taka na kisichokuwa taka.

Chukua trei mbili za saizi moja, iwe za mkate au za samaki. Ndani ya ya chini tandika wavu wa dirishani, tia dagaa wako walochemshwa na maji ya chumvi wakachujika, watandaze wasipandane, juu tandika wavu mwengine, kisha ile trei ya pili ifudikize juu yake zikutane mdomo kwa mdomo kama chaza. Funga kamba pembe zote nne. Iweke juu ya matofali pembe zote nne, upande mmoja moja moja na upande wa pili mawili mawili ili ilale kidogo maji yachuruzike. Kunguru atakaa juu atapiga kelele atachoka. Mchanga hamna, na paka hamna. Mchana mmoja geuza chaza zima chini juu bila ya kufungua, dagaa wote wamegeuka.

Kama chungu wanakusumbua, badala ya matofali iweke juu ya kigoda, na miguu ya kigoda itie kwenye makopo yenye maji, na maji hayo yamwage kila baada ya siku mbili kwa sababu ya mbu niliosema juu.

Sharti moja tu. Trei iliyoingia samaki ibaki ya samaki. Plastiki ikishachubuka kwa visu na chumvi ina mikwaruzo midogo ambayo brashi haifiki, harufu na uchafu vinakaa humo, usije ukasema nimeiosha ukaitilia maandazi.

*Ustadh wa chuo kimoja Chake Chake anauliza kama trei za mkate zinafaa kupangia viatu vya wanafunzi mlangoni, mana kila wakitoka viatu vimechanganyika na mara vyengine vimepotea.*

Zinafaa ustadh. Zisimamishe kwa ubavu kwenye ukuta zitazame nje, zipande tatu kwenda juu, zifungwe kwa waya kwenye misumari ya ukutani zisije zikaangukia watoto. Kila moja inaingia jozi tano sita za watoto. Wadogo chini, wakubwa juu, na mchanga unadondoka kwenye matundu hausogei ndani. Isipokuwa zipake alama ya rangi, ijulikane kuwa hizi ni za viatu, watoto wakikuwa wakubwa na mwengine akaziona nzuri akazirejesha jikoni hatojua zimetoka wapi.

*Mimi nina makreti ya soda mazima kabisa kama 8, yamebaki dukani kwa marehemu baba Mwanakwerekwe. Nifanyie nini?*

Mungu amrehemu mzee. Yarejeshe kwa wakala. Kreti zima lenye jina la kampuni sio taka, ni chombo cha mzunguko, na baba aliyaweka rehani pesa yake pale. Ukirejesha na chupa 24 zake ndani unapata amana yake, kwa hivo tafuta na chupa kabla hujakwenda. Yale yaliyopasuka wanayoyakataa, hayo ndo njoo tuzungumze. Lililopasuka chini linafaa kuwa kiota cha kuku, tia majani makavu, liweke kwenye giza na juu kidogo, kuku wa kienyeji anaingia mwenyewe bila ya kufundishwa.

*Nitajuaje trei ni plastiki gani kama namba imefutika? Na zikishavunjika tuzichome? (Wengi wameuliza, Unguja na Pemba)*

Kata kipande kidogo kama ukucha, kitumbukize kwenye bilauri ya maji matamu yaliyotiwa tone moja la sabuni, kizamishe kwa kidole kisha kiachie. Kikipanda juu mara nyingi ni namba 2 au 5, hizo ndo za kreti na raki nyingi na ndo zinazodumu. Kikizama kinaweza kuwa namba 1 au 6, kwa hivo hicho usikitie chakula cha moto wala kitu chenye mafuta makali. Ile nyeupe nyepesi yenye mapovu ya hewa, ya kufungia chakula, inaelea lakini ni namba 6, usidanganyike nayo. Na trei yoyote ambayo hujui ilibeba nini, rangi, dawa ya shambani, mafuta ya gari, iwe ya nje tu. Kwenye chakula usijaribu bahati.

Kisha ipime umri. Shika ubavu mmoja wa kimiani chake uupinde polepole. Ukipinda ukarudi, ina maisha. Ukigeuka mweupe pale pale na kutoa mlio wa tak, jua limeshaila, na ukipitisha kidole juu yake utaona unga kama wa chaki. Hiyo usiiweke shamba wala pwani, mana itavunjika vipande vidogo vidogo visivyookoteka, na vikienda baharini ndo vinaingia kwa samaki huko huko tunakovua. Nyeusi zinadumu zaidi juani kuliko za rangi kwa sababu zimetiwa masizi ya kaboni ndani yake. Za rangi ziweke kivulini, chini ya makuti, zitakupa miaka.

Kuchoma hapana. Nimeona watu wanawashia moto wa kuni kwa vipande vya kreti, unaruka haraka ndo kweli, lakini ule moshi mweusi mnauvuta nyie na watoto mliowapakata, na unaingia kwenye chakula kilicho juu ya jiko. Vipande vilivyokufa vitie kwenye gunia moja, namba 2 na 5 mbali, nyengine mbali, visafi visiwe na mchanga, na wanunuzi wa plastiki wanaopita mitaani wanavipima kwa kilo. Gunia lililochanganyika wanalikataa au wanakupa bei ya chini, nlishapata somo hilo mwaka juzi, nikakaa barazani nikachambua gunia zima upya kipande kwa kipande na bilauri ya maji pembeni.